Shukrani kwa Mama Bado na Kompyuta Yake Yatima

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mwenyekiti wetu unayestaafu leo, uliyeniita Mjuaji hadi mama yangu mzazi naye akaanza kuniita hivyo, ndugu wajumbe wa Kamati ya Viwango, wageni waalikwa, na wewe shangazi yangu, uliyechagua kiti cha karibu na mlango wa jikoni kwa sababu unazozijua mwenyewe: nawasalimu nyote kwa ngazi hiyo hiyo, na niliyemruka anisamehe, ukumbi umejaa.

Nimepewa dakika chache, kwa sababu wanaonijua wananijua. Wasomi wameshasema kwa maneno yenye mikia mirefu. Mimi na shule tuliachana mapema, na hadi leo hatujakubaliana nani alimwacha mwenzake. Lakini ile programu inayopanga foleni za wagonjwa katika zahanati chungu nzima ni ya nani? Semeni tu, sitaona haya.

Programu ile ilikuwa na ugonjwa wake. Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta, ni ukoo mkubwa: kila zahanati ina kompyuta yenye Linux ya aina yake, na ndugu hao wanafanana majina kuliko tabia. Nilichokijenga kikafunguka hapa, kule kikagoma. Kila mteja mpya nikamjengea upya, kama fundi cherehani anayelipwa shati moja akashona kumi. Dawa ilikuwa moja tu: ile zana ya kuchorea madirisha ya programu, yenye vitufe, menyu na visanduku vya kuandikia, ikubaliwe na kamati hii na kuingia kwenye kiwango, ile orodha ya vitu vya lazima, ili kila kompyuta inayofuata kiwango ije nayo tayari. Ikikubaliwa, najenga mara moja tu, inatosha kwa wote. Ikikataliwa, nafunga duka. Mjomba wangu, mfyatua matofali, alishaniandalia beleshi, na kila nikipita ananiuliza, "Vipi mwanasayansi, unapenda mpini mrefu au mfupi?"

Siku ya kupima, zana ikafaulu kwenye kompyuta zote za chumba cha majaribio. Vitufe vinameremeta, menyu zinashuka kama pazia la bibi harusi. Mchoraji, yule bwana aliyeiandika zana yenyewe, akanikonyeza. Wajumbe wakaanza kusogeza viti waondoke. Ndipo mwenyekiti akatamka neno lake, lile lililompa jina tunalomwita akishatoka chumbani.

"Bado."

"Bado nini tena, mama?" nikamuuliza. "Zote zimefunguka."

"Yatima hajaulizwa."

Yatima ni kompyuta anayoifungia kabatini. Ndani yake hamna kitu ila yale tu yaliyomo kwenye kiwango, na hairuhusiwi kuongezewa hata picha ya ua. Tena ina sheria yake: mwenye programu anakaa kando, mikono mapajani, mdomo kimya. Mdomo huu, ndugu zangu. Fikirieni mateso.

Akafungua mwenyewe. Dirisha likaja, vitufe vikaja, lakini badala ya herufi tukaona vijisanduku vitupu, safu kwa safu, kama meno ya mtoto yaliyong'oka. Kumbe zana ilikuwa inaegemea fonti, yale maumbo ya herufi, zisizokuwemo kwenye kiwango, na sisi wenyewe tulishaziweka kwenye kompyuta za chumba kile, kila mtu kwa shughuli zake, tukasahau. Tuliisifia zana ikiwa imevaa nguo za jirani. Na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri... malizieni wenyewe, Mheshimiwa Mkurugenzi yupo.

Nilipandwa na hasira. "Mama, wateja wangu wote wana hizo fonti."

Hakuinua hata macho. "Mjuaji, wewe unawajua wateja ulio nao. Mimi nimekalishwa hapa kwa ajili ya wale usiowajua."

Nilimjibu kesho yake, na jibu lenyewe halikuwa zuri.

Angeweza kuandika "imekataliwa" akaenda zake nyumbani. Nani angemlaumu? Badala yake akatuwekea Yatima mezani, akatupa ufunguo wa chumba, na kila asubuhi akapitisha kichwa mlangoni: "Imesoma?" Tunajibu, "Bado, mama," naye anacheka, maana neno lake limetugeukia. Mchoraji akakata, akaunga, mimi nikajaribu na kulalamika, hadi zana ikaandika herufi kwa kile tu Yatima alichokuwa nacho. Kura ikapigwa. Mkono wake ulikuwa wa mwisho kupanda, lakini ulipanda.

Baadaye nikapigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. "Kijana, programu yako ya foleni nimeiweka, imefunguka." Nikamuuliza, "Nani alikuja kukuwekea?" Akasema, "Nani aje huku? Kompyuta yenyewe ya msaada, haina kitu ndani."

Haina kitu ndani. Nilikaa chini, ndugu zangu, mimi ambaye sikai.

Mama, wenzangu wamekupa saa ya ukutani, na ni nzuri. Mimi nimekuletea mtu. Dada muuguzi, pale nyuma, tafadhali simama akuone. Mama, huyu ndiye yule tusiyemjua. Asubuhi hii amehudumia foleni nzima, kisha akapanda gari kuja kukupa mkono.

Nakushukuru kwa kila "bado" uliyonipiga nayo. Mjomba naye anakushukuru; beleshi analitumia mwenyewe.

Sasa narudi kitini, mikono mapajani. Asanteni kwa masikio yenu.