Do Yangu Ilikuwa Inahama

Amahoro, walimu wenzangu. Ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, sogeeni, maana habari yangu si ya kupigiwa kelele. Nataka kuwaeleza jinsi wivu ulivyokaribia kuninyima shahada ya uzamili, hii tunayoiita masta, katika ufundishaji wa muziki.

Nilianza masomo nikiwa kazini. Ijumaa mchana nikitoka darasani hapa Rumonge napanda gari kwenda Bujumbura, Jumapili jioni narudi. Mwenzangu mmoja, anayefundisha shule ya Gatete, alikubaliwa chuoni pamoja nami, basi garini tukawa tunakaa kiti kimoja. Ndugu zangu, nawaambia, nilimwonea wivu. Yeye alikulia mjini, kwao kulikuwa na kinanda, noti kwenye mistari mitano anazisoma kama gazeti. Mimi nilijifunza kuimba Tanzania, kambini, katika kwaya ya wakimbizi yenye ubao mmoja na chaki.

Profesa alikuwa akipiga wimbo kwenye piano, sisi tunaandika noti tulizosikia. Karatasi ya mwenzangu ilirudi safi. Yangu ilirudi nyekundu toka noti ya kwanza hadi ya mwisho. Mara ya pili, vilevile. Profesa akatuambia tulioanguka kwamba mtihani wa kurudia ni mmoja tu, na atakayekosa hapo ataacha masomo.

Mngedhani ningemwomba mwenzangu msaada. Wapi. Nilianza kujifanya nimelala garini ili asinisimulie alivyofaulu. Tukitoka Rumonge nafunga macho, Muhuta nimefunga, Kabezi bado nimefunga. Jua likinipiga usoni, yeye ananifunika kwa kitenge chake, taratibu, asiniamshe. Na mimi chini ya kitenge nazidi kukasirika. Hata kwa wema amenishinda.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani alinifunika tena. Machozi yakaja. Nikakitoa kile kitenge, nikasema, "Dada, nionyeshe ninapokosea."

Akanitazama. "Kumbe hukuwa unalala?"

"Sikuwa."

"Siku zote hizo? Na mimi naungua na jua kwa ajili yako."

Akaniambia nimwimbie wimbo wa mtihani uliopita. Nikauimba kwa do, re, mi, abiria wakigeuka kutazama. Akacheka mpaka akajishika kifua. "Umeimba yote muzuri. Lakini do yako iko inahama. Ya huku haihami."

Niwaeleze. Kambini, sauti ambayo wimbo unatulia juu yake ndiyo tuliyoiita do, uwe wimbo wa juu au wa chini. Huku tunafuata Wafaransa: do ni sauti moja ya kinanda, haitoki mahali pake. Sikio langu lilisikia vizuri, ila nilianza kuhesabu kutoka mahali pengine, na kila noti iliyofuata ikawa kosa.

"Profesa akipiga ile noti ya la ya kuanzia," akaniambia, "ishike hiyo, hesabu kutoka hapo. Kambi yako iache kwanza." Tukaimba hivyo mpaka Bujumbura.

Mtihani nilipita. Nisiwadanganye kwamba wivu uliisha. Alimaliza kabla yangu, na siku alipovaa joho nilimpigia makofi huku roho ikiniuma. Lakini sikufunga macho tena garini. Leo watoto wadogo nawaanzishia do inayohama, wakikua nawapa ile isiyohama. Mwenzangu anasema ni vurugu. Hata hivyo anakuja kutazama.

Namshukuru direkteri wangu aliyenipangia vipindi nitoke mapema Ijumaa, na mume wangu aliyewapikia watoto Jumamosi zote zile. Na yule dada wa kitenge. Murakoze.

Sasa fikiria mtu unayemwonea wivu. Najua jina lake limeshakujia. Kesho, kabla ya kengele ya kwanza, mwendee umwombe akuonyeshe jambo moja.