Maji Safi ya Mama Sabuni

Ifikapo tarehe 31 Julai, Mama Sabuni atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusafisha wodi ya wagonjwa wa mapafu. Jina lake halisi limo kwenye faili, sisi tulishalisahau.

Alianza na ufagio wa korido, akapanda hadi msimamizi wa usafi, na cheo kikamkolea siku hiyo hiyo. Daktari bingwa alirudishwa kwenye sinki mara tatu, eti kidole gumba hakijaonja sabuni. Mganga mkuu alikuja kukagua wodi, akaishia kukaguliwa kucha. Vyombo vya maua vilipigwa marufuku, na bwana mmoja aliyeng'ang'ania waridi la mkewe alitolewa nje pamoja nalo.

Kisha, miaka tisa iliyopita, tukapata balaa. Wagonjwa wanne waliodhoofishwa na dawa za saratani walipata nimonia humu humu wodini, na mmoja akafariki. Maabara ikasema ni bakteria wanaopenda majimaji, waoga kweli: mwenye afya hawamgusi, wanamvizia aliyeishiwa kinga. Kikao kikamwangukia nani? Msimamizi wa usafi! Akapewa barua ya onyo na wiki mbili za kujieleza, la sivyo kazi hana. Alilia hadharani, halafu akajifunga kibwebwe.

Sakafu hakuihangaikia, aliijua. Alifungua bomba la sinki, akakuta utelezi wa kijani ndani. Akajiuliza maji yale yanakwenda wapi, akafika kwenye vichupa vinavyotia unyevu hewa ya oksijeni. Kila kimoja kilibandikwa karatasi: “Jaza maji safi.” Nasi tulijaza, moja kwa moja kutoka bombani.

Aliingia kikaoni na utelezi wake kwenye kibakuli, akauliza: safi ya kupigia deki au safi ya kupumua? Maji yaliyotakaswa yalikuwa kabatini muda wote, yamepigwa na vumbi. Maabara ikathibitisha, vichupa vikabadilishwa, nimonia ile ikakoma, na barua ya onyo ikachanwa.

Aliyeandika zile karatasi hakujulikana. Mama Sabuni aliutambua mwandiko, akamvuta mhusika pembeni, akamwambia afute machozi akahudumie wagonjwa, na hajamtaja hadi leo. Basi ijulikane: ni nesi anayeandika wasifu huu.

Samahani, Mama, na asante. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usio na kengele, na wajukuu wenye uvumilivu.