Sista Tutaendelea na Hadithi Aliyotunyima

Marehemu mama yetu, ambaye nusu ya mliokaa hapa mnamwita Sista Tutaendelea, alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Nimeombwa niseme mazuri tu. Nitajaribu.

Alisoma shule ya bweni, akahitimu uuguzi mwaka 1978. Mwaka 1981 aliolewa na baba yetu, dereva wa lori, wakapata watoto wawili, mimi na mdogo wangu.

Tangu Juni 1990 hadi alipostaafu mwaka 2017 alihudumu wodi ya saratani, kwenye chumba cha dripu chenye viti sita na dirisha lisilofunguka. Dawa ile hutolewa kila baada ya wiki tatu, huingia tone kwa tone kwa muda wa saa nne, na kwa jinsi inavyotapisha, wengi walikuwa wakiikimbia. Marehemu alivuta stuli, akawasimulia habari za mjane aliyepigiwa hodi kwa sauti ya mumewe aliyekwisha kuzikwa. Dripu ikikaribia kwisha, aliikata hadithi pale pabaya kabisa. "Tutaendelea baada ya wiki tatu." Seremala mmoja aliyeapa kutokanyaga tena pale alirudi na kandambili zake, akauliza mlangoni, "Sista, alifungua au hakufungua?" Alimaliza dawa zote. Yuko hapa, mstari wa pili.

Nyumbani hatukusimuliwa hata moja. "Mdomo umechoka, mwanangu," basi, anavua viatu, analala. Nilimchukia kwa hilo. Nasema mbele ya jeneza lake, na shangazi anikodolee macho apendavyo.

Agosti 2023 aliambiwa ana saratani ya tumbo. Alikalishwa chumba kilekile, kwenye kiti cha dirishani. Baada ya dripu ya pili akasema hataki tena. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kazi na mama akaninong'oneza, "Dada, msimulie kitu." Nikamsimulia nilivyojificha kwenye kabati la mashuka la wodi, nina miaka kumi, ili nisikie wanachopewa wagonjwa. "Halafu?" akauliza. Kwa hasira nilimpa yote: nilivyosinzia mle, mlinzi alivyonitoa, nilivyolia hadi nyumbani. Alinishika mkono.

"Umenimalizia yote, mwanangu. Sasa nirudie nini?"

Hakurudi. Alifariki Jumapili, tarehe 14 Januari 2024, saa tatu asubuhi. Mimi sikujua kukata hadithi. Ningejulia wapi? Wageni wote wa chumba kile walijua, bintiye hakujua, na hilo sijamsamehe.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Asubuhi hii seremala alinivuta pembeni aniambie kama yule mjane alifungua mlango. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu.

Apumzike mama, na amani iwe yake. Nawe mzee wa mstari wa pili, leo usiniambie. Njoo nyumbani baada ya wiki tatu.