Zelig Tabachnik na Wimbo wa Mama Melini

Ndugu jamaa, majirani na wenzetu wa jukwaani, mimi Lipman, kaka wa mjane, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, na dada yangu Rokhl ameniagiza nisome yote, nisimpambe.

Marehemu Zelig Tabachnik alizaliwa Berdichev, Urusi, tarehe 14 Machi 1893, akaletwa London na mama yake mwaka 1905, baada ya majirani kuichoma nyumba yao, akasoma hapa Whitechapel hadi alipofikisha miaka kumi na minne, kisha akaingia karakana ya kofia, ambako alifukuzwa kwa kuimba.

Mwaka 1911 alijiunga na waimbaji wa michezo ya Kiyidi, lugha yetu Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na kufikia 1922 alikuwa na kundi lake, akitunga michezo ya nyimbo juu ya watu wetu, kufukuzwa kwao Hispania, masoko yao ya Poland, meli za wahamiaji, hata washonaji na waoka mikate ambao hawakupata kusoma wakaijua historia yao kwa kuiimba njiani. Kwa waigizaji alikuwa katili, na mmoja wao aliyesahau maneno alivuliwa vazi mbele ya wenzake, akarudi nyumbani na shati la ndani tu.

Alimwoa Rokhl, mwimbaji wake bora, tarehe 8 Juni 1919, wakajaliwa Dvora mwaka 1921 na Avrom mwaka 1924.

Jumapili tarehe 7 Novemba 1926, Avrom akiwa amelazwa kwa dondakoo, Rokhl alikuwa jukwaani, akiigiza mama anayembembeleza mwanawe melini baada ya kufukuzwa Hispania, na wakati wa mapumziko jirani yao, Mama Feigenbaum, alikuja mbio kutoka hospitali kusema kwamba mtoto amefariki. Zelig alimzuia mlangoni, akamwambia, “Nyamaza, mama, ukumbi umejaa, akimaliza wimbo nitamwambia mwenyewe.” Rokhl akaimba, watu wakalia, wakaomba tena, na Zelig akaiashiria bendi irudie. Pazia lilipofungwa ndipo alipomwambia, naye Rokhl akauliza, “Ulijua nikiimba?” Akajibiwa, “Hujawahi kuimba vizuri vile.”

Tangu siku hiyo Rokhl hakuimba tena, jukwaani wala jikoni, akawa mshonaji wa mavazi ya kundi lilelile, kwa kuwa Dvora alihitaji kula, na mchezo ule ukaendelea na mwimbaji mwingine hadi kundi lilipovunjika mwaka 1938.

Januari 1951 marehemu alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi, na kila mchana alikuwa akiugusa mdomo wa mkewe kwa kidole, akisubiri. Dvora alimsihi, “Mama, hata ubeti mmoja tu,” Rokhl akasema, “Nampikia, namwogesha, namgeuza, hilo hapana.” Zelig alilia kama mtoto, na Rokhl akampangusa machozi kwa kitambaa safi. Amefariki jana, Jumapili tarehe 17 Februari 1952, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Mama Feigenbaum aliyeleta supu majira yote ya baridi, na waigizaji wa zamani waliokuja, akiwemo yule aliyevuliwa vazi, sasa ni mzee, ambaye ndiye aliyelibeba jeneza mbele.

Zelig, pumzika kwa amani, Rokhl anasema huenda akakusamehe, lakini si leo.