Kinyoya Kilichoangukia Robota

Mheshimiwa Meneja Mkuu, uliyekubali kutoka ofisini mapema kwa mara ya kwanza tangu tukufahamu; ndugu wakuu wa idara; wazee wetu wastaafu, mliotutangulia kupumzika na mnaoonekana kuchoka kuliko sisi; wafanyakazi wenzangu wa uchapaji, ujalidi na ghala; dada yangu mpendwa; na wewe mwenye shughuli, Fundi Mkuu wa Mitambo: habari za jioni.

Kamati ya maandalizi imenituma mambo mawili. La kwanza, nimuage Fundi Mkuu, ambaye leo anastaafu na Jumapili anahamia mji wa mbali, kwa binti yake mkubwa. La pili, nieleze kwa ufupi historia ya michezo ya raketi, kwa kuwa ni yeye aliyeleta mpira wa vinyoya, yaani badminton, katika kiwanda hiki. Kamati haikujua, au ilijua ikajikausha, kwamba mimi na Fundi Mkuu hatusemeshani tangu mwanangu wa mwisho akiwa ananyonya. Mwanangu huyo sasa ananyoa ndevu.

Nianze na historia, maana ndiyo rahisi.

Tenisi, ndugu zangu, ilianza bila raketi. Wafaransa wa zamani waliupiga mpira kwa viganja. Viganja vikauma, wakavaa glavu. Glavu zisitoshe, wakashika kibao. Kibao kikawachosha, wakatengeneza fremu ya mbao na kuifuma kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Mnaona binadamu alivyo? Jambo likimuumiza mkono haliachi. Anatafuta kifaa cha kuliendeleza. Mpira wa vinyoya nao, maofisa wa Kiingereza waliucheza Bara Hindi, wakarudi nao kwao, ukapewa jina la jumba la bwana mmoja mkubwa. Kinyoya chenyewe, kile cha kweli, kina manyoya kumi na sita ya bata bukini, na watengenezaji husisitiza yote yatoke bawa la upande mmoja. Bata bukini hakuachiwa nafasi ya kusema, kwa hiyo upande wake wa historia hatunao.

Hapa kwetu historia ni fupi zaidi. Fundi Mkuu alikuja na raketi mbili kwenye mfuko wa vipuri, akafunga wavu kati ya nguzo za ghala la karatasi, akachora mistari kwa rangi ya njano iliyobaki baada ya kupaka mitambo. Kisha akatafuta wa kucheza naye. Wote mkasema mna kazi. Mimi nilikuwa mkuu wa ujalidi, kule vitabu vinakoshonwa na kutiwa majalada, na yeye amemuoa dada yangu, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Ijumaa hiyo, kazi ilipoisha, tukaanza.

Nani kati yenu amewahi kukipiga kinyoya kikampendeza? Kinaondoka kwa hasira kama mtu aliyetukanwa. Kikifika juu kinabadili mawazo, kinageuka, kinashuka taratibu. Katika huo muda wa kushuka, mtu mwenye tumbo langu hili anapata wasaa wa kufika, na akifika anajiona kijana. Mpira wa tenisi haumpi mtu heshima hiyo. Nilikwenda pale kwa kulazimishwa, na kufikia Ijumaa ya pili nilikuwa natazama saa tangu asubuhi.

Lakini ghala ni ghala. Karatasi zikija, marobota, yale mafurushi makubwa yaliyokazwa kamba, hupangwa popote penye nafasi, na mara nyingi nafasi ilikuwa uwanjani kwetu. Hatukuyahamisha, tuliyazunguka. Tukajitungia sheria. Kinyoya kikigusa boriti, pointi inarudiwa. Kikimwangukia mlinzi, tunamwomba radhi mlinzi, kisha pointi inarudiwa. Tulikuwa na sheria ya kila kitu, ila ya robota lililokaa juu ya mstari.

Ijumaa moja tulikuwa ishirini kwa kumi na tisa, anaongoza yeye, amebakiza pointi moja ashinde. Akapiga. Kinyoya kikapita juu ya kichwa changu, kikatua katikati ya robota ambalo nusu yake ilikuwa ndani ya mstari na nusu nje.

Akasema, "Ndani. Mchezo umeisha."

Nikasema, "Nje. Sawa kwa sawa."

Dada, aliyekuwa amekaa na chupa yake ya chai, akasema, "Nyie, chai inapoa."

Tukakubaliana jambo la kiungwana: robota lisiguswe, kinyoya kibaki juu yake, kesho tupime kwa rula. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia watu wa zamu ya Jumamosi. Tulipofika, robota lilikuwa limekwisha kuwa vitabu vya hesabu vya darasa la tatu. Ushahidi ukagawiwa mashuleni. Mtambo ulioyachapa makaratasi hayo ulikuwa chini ya Fundi Mkuu. Mimi sisemi kitu.

Tangu hapo, kimya. Ila Ijumaa iliyofuata alikuja, na mimi nikaja, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. "Mwambie mdogo wako aanzishe," anamwambia dada. "Mwambie mumeo nimesikia," namwambia dada. Dada alitumikia hivyo miaka yote, na siku moja alituuliza kwa nini amekuwa simu ya watu wanaoonana. Kila mmoja wetu alidhani anaulizwa mwenzake.

Mwaka ule nilipolazwa hospitali, Fundi Mkuu alikuja kila Ijumaa, saa ileile ya mchezo. Anavuta kiti, anatazama ukuta. Siku moja akasema, "Mwambie mdogo wako raketi yake nimeiwekea nyuzi mpya." Nikasema, "Mwambie mumeo nashukuru." Dada siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda dirisha la dawa. Tulimwambia hivyohivyo.

Sasa Fundi Mkuu anahama. Mmeniuliza, si mtapigiana simu? Tupigiane tuseme nini? Dada ashike simu mbili, moja kila sikio? Mimi na huyu mtu hatuna lugha nyingine. Ijumaa ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na Ijumaa hazipakiwi kwenye lori pamoja na makabati. Nitamkosa. Inaniuma, na nimeona niseme mbele ya Meneja Mkuu nisije nikakana kesho.

Basi nimesoma sheria za mchezo wenyewe, zile za kimataifa. Zinasema pale ambapo kinyoya hakikuonekana kilikoangukia, na refa hawezi kuamua, pointi irudiwe. Leo mchana wenzetu wa ghala wameondoa kila robota juu ya mistari. Wavu umefungwa. Matokeo ni yaleyale, ishirini kwa kumi na tisa, anaongoza yeye. Nieleweke vizuri: sisemi ilikuwa ndani. Ilikuwa nje. Nasema turudie.

Shemeji.

Nalitamka neno hili nikikutazama wewe, sio dada. Nakuomba, kabla hamjapakia vyombo, njoo tuirudie ile pointi.

Ndugu wageni waalikwa, mnivumilie kidogo. Naona anamwinamia dada sikioni. Dada anatikisa kichwa. Dada amenyanyuka. Dada amehamia meza ya watu wa uhasibu.

Sasa yeye anasimama. Tafadhali, meza ya nyuma, punguzeni vijiko.

Kwa mliokaa mbali na hamkusikia, amesema hivi: "Shemeji, ilikuwa ndani."

Mheshimiwa Meneja Mkuu, ndugu zangu wote, mtu huyu amekosea, amekosea kabisa, na ameniambia mimi. Itabidi nimfuate hukohuko anakohamia nikamweleweshe, na naona ni jambo litakalochukua Ijumaa nyingi.

Nawashukuru kwa kutusikiliza sisi wawili. Sasa tunakwenda ghalani. Anayetaka kuwa refa aje na macho yake. Dada, chai acha ipoe.