Mama Povu na Kijito cha Pande Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani wa pande zote mbili za kijito, wenzake na marehemu katika Imani ya Kibahai, mashekhe, wachungaji na nyote mliofika, poleni sana na asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba, na nimepewa karatasi hii kwa sababu wakubwa zangu wanasema nina sauti kubwa, jambo ambalo marehemu alilisema miaka yote, tena si kwa kunisifia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, nyumbani kwa wazazi wetu, safari ya kutwa nzima kutoka hapa, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1966 hadi 1972, na mwaka 1976 akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali ya wilaya, akafua shuka za wagonjwa hadi 1989, alipofungua udobi wake kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba hii, kwa mabeseni, kamba na pasi ya mkaa ambayo sisi wengine tulikuwa tunainua kwa mikono miwili. Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na fundi seremala, shemeji yetu aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja.

Mwaka 1992 alijiunga na Imani ya Kibahai, akaanza kutuambia kwamba watu wote ni familia moja na dunia ni nyumba yao, nasi tukamwitikia ndiyo, ndiyo, ili atumiminie chai, mpaka siku alipoyatazama maji yake ya sabuni yakiteremka kijitoni, akasema haiwezekani mtu asali asubuhi kisha mchana awamwagie ndugu zake uchafu. Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kumbandika jina la Mama Povu, naye akacheka, lakini lilimwingia.

Wakati huo upande huu ulimlaumu mwenye gereji wa ng'ambo kwa oili chafu, ng'ambo nao wakamlaumu Mama Povu kwa sabuni, na watu walikuwa hawasalimiani wala hawazikani. Dada akawaita wote uwanjani kwake, akawaeleza utaratibu wa mashauriano ya Kibahai, kwamba wazo ukishalitoa si lako tena, ni la kikao, kwa hiyo likikataliwa hukukataliwa wewe. Akatoa la kwake, kila nyumba ichimbe shimo lake, likakataliwa, likapita la mwenye gereji, kwamba oili ikusanywe kwenye mapipa na maji yote ya kufulia yapite kwenye shimo moja kubwa la kokoto na matete ya kuyachuja. Jamani, mimi nilifura kwa niaba yake, lakini kesho yake alikuwa wa kwanza kushika jembe kwa wazo la jirani, na kijito kile leo mnakiona wenyewe.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Tarehe 2 Juni mwaka huu alilazwa katika hospitali ile ile, ambako alilalamika kwamba shuka hazikusuuzwa vizuri, na alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024 akaaga dunia, akiwa na miaka sitini na sita.

Sheria ya imani yake ni kwamba Mbahai azikwe mahali pasipozidi mwendo wa saa moja kutoka alipofia, lakini shangazi yetu, aliyemlea tangu mama afariki, alifika jana na gari la kukodi, kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa kule kwetu kando ya mama, akasema wazi mtoto wake hatalala kwa wageni. Haki ya Mungu, ukoo ulikaribia kupasuka. Binti mkubwa wa marehemu akatukalisha kati ya kamba za nguo, kila mtu akasema lake bila kukatizwa, na ilipofika zamu ya Shangazi, akaomba kwanza aoneshwe hao wageni.

Tukampeleka makaburini, tukamkuta mwenye gereji na jirani yetu wa upande huu wakiwa ndani ya shimo, wanapokezana sepetu. Walitoka, wakajifuta mikono, wakamwambia kwamba marehemu ni wa kwao pia, lakini neno ni la kwake, akisema wafukie, watafukia. Shangazi aliketi juu ya ule udongo akalia sana, kisha akawaagiza waongeze upana upande wa kichwani, kwa sababu mtoto wake hapendi kubanwa. Leo asubuhi amemwosha yeye mwenyewe, pamoja na akina mama wa pande zote mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wa chumba cha kufulia, Wabahai wenzake watakaotuongoza kwa sala, na ninyi majirani, ambao sina la kuwalipa. Shangazi ameniagiza niseme kwamba amepiga simu lile kaburi la kwetu lifukiwe, maana mtoto wake yuko nyumbani. Dada, nenda kapumzike kwa amani.