Miaka Thelathini na Moja Chini ya Korongo wa Dhahabu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi na moja jioni, msimamizi wa kumbi za ghorofa ya juu atavua koti lake la bluu na kulirudisha stoo. Atakuwa ameyatumikia makumbusho yetu ya sanaa za kisasa kwa miaka thelathini na moja. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, lakini ukiliulizia getini utaambiwa hatumjui. Sisi tunamjua Shangazi. Mpwa wake, mkata tiketi wetu, ndiye aliyeanza kumwita hivyo mbele za watu. Wiki haikuisha, hata mkurugenzi akawa anamwita Shangazi, ingawa amemzidi Shangazi umri kwa miaka minne.

Aliajiriwa kama mfagizi, mwaka mmoja tu baada ya ukoo wa makabaila waliolijenga kasri hili kulikabidhi kwa umma. Siku ya kwanza alipewa ufagio na kuelekezwa ukumbi wa dansi. Akasukuma ile milango miwili mirefu, akainua macho. Dari nzima ilikuwa mbingu: mawingu, na korongo mia mbili wakiruka, kila ubawa umepakwa dhahabu. Na chini yao, kwenye marumaru, sanamu ya faru aliyeundwa kwa milango ya mabasi mabovu. Nusu saa baadaye msimamizi wa enzi hizo alimkuta amesimama palepale.

“Umekuja kufagia au kushangaa?”

“Vyote, mzee. Nianze na kipi?”

Alianza na kufagia, lakini kushangaa hakuacha. Wasanii waliokuja kufunga kazi zao aliwauliza maswali hadi wakaweka nyundo chini. Mwaka wa sita ikagundulika kwamba wageni wanamkimbia mwongozaji na kumfuata mfagizi. Uongozi ukampa koti la bluu.

Wengi mnaikumbuka siku ya viatu. Chumba cha kulala cha kabaila kilikuwa na kazi ya sanaa ya viatu chakavu mia tatu. Babu mmoja, miguu ikimuuma, akavua vyake mlangoni apumzike kidogo. Aliporudi, vilikuwa vimesukumwa katikati ya vile mia tatu, vimepigwa picha na watu kumi, na hakuvitambua tena. Shangazi alipiga magoti, akaingiza mkono kiatu kimoja baada ya kingine, mpaka akapata jozi yenye joto.

Lakini tunalomshukuru zaidi lilitokea miaka tisa iliyopita. Msanii mmoja alileta sahani ya shaba iliyosuguliwa ikang’aa, upana wake mita sita, ikaning’inizwa kwa minyororo kutoka kwenye boriti za ukumbi wa dansi. Mhandisi alikagua, akatia saini. Asubuhi tatu mfululizo Shangazi aliokota unga wa mbao chini ya minyororo ile. Asubuhi ya nne, siku ya uzinduzi, aliona ufa shingoni mwa korongo mmoja. Hakuwa na shaka, kwa sababu korongo wale aliwajua kama ndugu zake.

“Mhandisi amepitisha, Shangazi,” mkurugenzi alimwambia. “Wageni wako kwenye ngazi.”

Shangazi alifunga milango, akatia ufunguo mfukoni, akaiegemea kwa mgongo. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili shuleni, na kazi hii ndiyo iliyowalea.

“Nifukuze kesho, mkurugenzi. Leo humu haingii mtu.”

Mkurugenzi akamtuma mhandisi darini. Mhandisi alirudi ametapakaa utando wa buibui, mkononi kipande cha boriti kinachomomonyoka kama biskuti. Mchwa. Ilichukua saa tatu kuiteremsha shaba. Ilipogusa tu marumaru, bonge la lipu kubwa kama meza liliporomoka juu ya viti vya mstari wa mbele. Havikuwa na mtu. Mkurugenzi alikaa kwenye ngazi, akaomba maji.

Msanii alikuwa akilia kwa hasira. Kisha akatazama chini. Mbingu yote ilikuwa ndani ya shaba. Korongo walikuwa wakiruka chini ya miguu yake.

“Iacheni hapohapo,” akasema.

Dari ilitengenezwa, shaba ikabaki sakafuni hadi leo. Wageni wakifika mlangoni hushusha sauti bila kuambiwa. Mimi, fundi wa taa, nimeingia humo miaka tisa, na bado natembea kwa ncha za vidole.

Shangazi, watoto uliowalea kwa kazi hii sasa wana watoto wao, na hakuna aliyeumia chini ya dari yako. Ahsante. Tumesikia kwamba hujawahi kuingia makumbusho mengine yoyote, maana yote hufunguliwa ukiwa kazini na kufungwa Jumatatu, siku yako ya mapumziko. Jumanne ijayo, tunaambiwa, wewe na mpwa wako mnapanda treni kwenda kuanza na ya kwanza. Nenda ukashangae, Shangazi, na safari hii usishike ufagio. Tunakuombea afya, miguu yenye nguvu, na maisha mema.